Ngome, Nyanya na Picha Iliyopotea: Siku Tatu Mombasa na Watoto

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na wale wanaosubiri sehemu ya pili ya somo letu la hifadhidata naomba mnivumilie kidogo zaidi. Leo hakuna msimbo. Leo nataka kujibu swali ambalo wenzangu kazini huniuliza kila shule zinapofungwa: "Wewe ni mtoto wa Mombasa. Watoto tuwapeleke wapi wakishachoka na bahari?"

Miaka yote nimekuwa nikijibu "Nendeni Fort Jesus" halafu narudi kwenye kioo changu, kama fundi anayemwambia mteja azime mashine aiwashe tena. Agosti iliyopita ilinibidi kujibu kwa vitendo. Tulisafiri watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 6, na mamangu mzazi, ambaye siku hizi anaishi nasi Nairobi kwa sababu ya macho. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga na vivuli, na daktari alituambia waziwazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Safari hii aliiomba yeye. "Nipelekeni Mombasa," alisema, "giza halijaingia lote."

Kwa hivyo haya ni maelezo ya mahali pa kupeleka watoto, na pia ni maelezo ya deni langu. Nianze na deni.

Deni lenyewe

Mwaka 2006 nilinunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali, ya megapikseli nne. Nilikuwa nimepata kazi ya kwanza ya kuandika programu na nilijiona mtu. Krismasi ile nilirudi nyumbani, nikamtoa babangu matembezi. Alikuwa amestaafu ukarani bandarini Kilindini, kazi ya kuhesabu mizigo ikishuka melini. Tulikwenda Fort Jesus, sisi wawili tu, na nikampiga picha moja juu ya ukuta unaotazama mkondo wa bahari. Jioni Mama aliiona kwenye kile kioo kidogo nyuma ya kamera, akacheka, akasema, "Huyu ndiye yeye hasa." Aliiona mara moja tu. Babangu alifariki mwaka 2008.

Picha niliihamishia kwenye tarakilishi, kisha nikafuta kadi ya kamera ili nipate nafasi. Wengi wetu tulifanya hivyo miaka ile, maana kadi zilikuwa ghali. Mwaka 2011 diski ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo hahitaji kuelezwa. Nilimpelekea fundi, akakaa nayo siku nne, akanirudishia na maneno mawili: pole sana.

Mama aliiulizia picha mwaka huohuo. Nikamwambia, "Ipo, Mama, nitaitafuta." Akaiulizia tena baada ya miaka miwili, na baadaye tena. Jibu langu lilikuwa lilelile. Mtu mzima, nalipwa mshahara kulinda data za watu wengine, naandika humu kuhusu nakala rudufu, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mamangu kwamba picha ya mumewe ilikuwa kwenye diski moja tu na diski ile imekufa. Halafu macho yakaanza kumwishia, naye akaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Siku ya kwanza: Fort Jesus

Tulipanda treni ya SGR asubuhi. Safari ni takriban saa tano na watoto hawachoki, kwa sababu dirishani kuna mbuga ya Tsavo. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo weka akiba ya nauli na muda wa kufika mjini.

Kesho yake tulikuwa langoni mapema kabla jua halijapanda. Jua la Mombasa juu ya matumbawe si mchezo, hasa kwa mtoto na mzee. Beba maji na kofia. Na ushauri wa kifundi: malipo ya kuingia makumbusho ya taifa hupitia eCitizen, kwa hivyo fungua akaunti na ukamilishe mambo yako ya nywila ukiwa hotelini. Langoni niliwaona watu wazima watatu wakipigana na nywila walizozisahau huku watoto wao wakilia kwa joto.

Ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiitazama kwenye picha za setilaiti utaona umbo lake kama mtu aliyelala, mikono na miguu imenyooshwa. Niliwaonyesha watoto kwenye simu kabla hatujaingia na nakuomba ufanye hivyo pia, kwa sababu ukishakuwa ndani huwezi kuliona umbo hilo, unaona kuta tu.

Watoto hawapendi kusomewa tarehe. Wape kazi. Nilimwambia binti yangu: "Wewe ndiye mjaribu wa mfumo huu. Tafuta mahali ambapo adui anaweza kusimama chini ya ukuta bila kuonekana." Alizunguka nusu saa. Kila alipodhani amepata pembe ya kujificha, akapanda kwenye buruji ya pili na kukuta kwamba pembe ile inaonekana vizuri kutoka hapo. Ndiyo siri ya buruji zile: kila moja inalinda ubavu wa jirani yake, ukuta haujilindi wenyewe. Alirudi jasho likimtiririka. "Baba, hakuna. Lakini kama hakuna, mbona walishindwa?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka ule. Nilimweleza kwamba Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi. Kuta zilikuwa imara mpaka siku ya mwisho. Kilichokosekana ni chakula, dawa na watu wa kuwasaidia kwa wakati. Nimeona mifumo mingi ikifa namna hiyo, milango yote imefungwa kwa kufuli nzuri na hakuna aliyekumbuka kulipia seva.

Mdogo wake hakujali hayo. Yeye alikuwa na mizinga. Mizinga ni mizuri kwa watoto wa umri huo kwa sababu ni mikubwa, mizito, na haivunjiki. Pia iligeuka kuwa mizuri kwa Mama. Nilikuwa nimejiuliza mtu asiyeona atapata nini kwenye makumbusho, mahali ambapo kila kitu kiko nyuma ya kioo. Kumbe ngome si kioo. Mjukuu alimshika mkono na kuuweka juu ya chuma. "Nyanya, hiki ni kichwa chake. Hapa ndipo risasi inatokea." Mama akaupapasa mzinga wote. Akapapasa ukuta wa matumbawe, akasema, "Bado unakwaruza." Ndani ya Nyumba ya Waomani, iliyojengwa juu ya buruji moja na kuwekwa mapambo ya kale ya Waswahili na Waomani, binti yangu alimsomea maandishi ya kila kabati polepole, na pale asipoelewa neno alimuuliza Nyanya, Nyanya akalieleza. Nilijifunza hapo kwamba ukimpa mtoto kazi ya kumsomea mtu mwingine, hataruka kabati hata moja.

Msisahau pia kuwaonyesha michoro ya mabaharia wa Kireno. Waliichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, meli na watu, karne kadhaa zilizopita. Kijana wangu aliitazama sana, kisha akauliza kwa nini wao hawakuchapwa kwa kuchora ukutani. Sikuwa na jibu. Wala msiwafiche watoto wakubwa kwamba kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 mahali hapa palikuwa gereza. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960.

Meli ya Santo António de Tanná

Ndani ya makumbusho kuna vitu vilivyotolewa baharini, na hapo ndipo deni langu lilipodaiwa.

Wakati wa kuzingirwa, Wareno walituma meli kuwasaidia wenzao. Mojawapo ilikuwa Santo António de Tanná, manuari iliyoundwa India. Oktoba 1697 ilizama hapohapo mbele ya ngome. Matope ya chini ya bahari yakaifunika. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 wapigambizi na wanaakiolojia waliifukua wakishirikiana na makumbusho yetu, na vitu walivyovitoa vikawekwa humo ngomeni: vyombo vya kauri, vifaa vya melini, vitu vya watu waliokula na kulala humo.

Binti yangu alikuwa akimsomea Nyanya maandishi hayo. Alipofika kwenye miaka akapiga hesabu kwa sauti. "Miaka 280, Nyanya! Vyungu vilikaa chini ya bahari miaka 280 na havikuharibika!"

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi: "Na ile picha ya babako, mwanangu?"

Nilitaka kusema "nitaitafuta". Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yameshazoea njia. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya vyungu vya miaka 280 na picha yangu haikudumu hata mitano. Nikamwambia. "Haipo, Mama. Diski ilikufa mwaka 2011. Ilikuwa moja tu. Nimekudanganya miaka yote hii. Nisamehe."

Mke wangu alimvuta kijana kando kwa upole. Mama alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba mapajani.

"Nilidhani hivyo," alisema. "Kitu kinachotafutwa miaka kumi hakitafutwi." Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Hata ungeniletea leo nisingeiona. Lakini wewe uliiona. Ulikuwa nyuma ya kamera. Nieleze ilivyokuwa."

Tukapanda juu ya ukuta, mahali palepale, Mama akishika bega langu. Binti yangu akatoa simu bila kuambiwa, akaanza kurekodi. Nami nikaeleza. Nilisema amesimama upande wa kushoto, mkono mmoja juu ya ukuta. Amekunja uso kwa sababu ya jua. Ana kalamu mfukoni, ingawa amestaafu na hana cha kuandika. Amevaa shati jeupe la mikono mifupi.

"La samawati," Mama akasema.

"Jeupe, Mama. Nakumbuka."

"La samawati hafifu. Mimi ndiye niliyelipiga pasi asubuhi ile. Lilikuwa na kifungo kimoja si chake, nilikishona mwenyewe."

Wale wanaofanya kazi na data wanajua hali hii: nakala mbili hazikubaliani na faili la asili halipo tena. Niliwaza jua la saa sita lilivyofifisha kila kitu kwenye kamera ile ya bei rahisi. Nikalikubali shati la samawati. Kwa kweli baada ya dakika moja nililiona kabisa, pamoja na kifungo.

Nikaendelea. Nilisema hakuitazama kamera, alikuwa akitazama baharini. Mama akauliza, "Kulikuwa na meli?" Nikasema ilikuwepo, kubwa, ikiingia polepole. Akatingisha kichwa. "Basi alikuwa akiihesabu," akasema. "Hakuacha kuzihesabu mpaka siku anakufa."

Kijana wangu alikuwa amerudi. Akauliza kama babu alikuwa mlinzi wa ngome. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamwambia ndiyo, kidogo.

Mji wa Kale

Kutoka lango la ngome hadi Mji wa Kale ni hatua chache. Tembeeni kwa miguu, gari halina maana humo. Pita barabara ya Ndia Kuu utazame milango ya mbao iliyochongwa na roshani za juu. Wape watoto mchezo wa kuhesabu milango na kuchagua mmoja wa kuuchora. Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa ulijengwa mwaka 1570, ni wa zamani kuliko ngome yenyewe. Ni mahali pa ibada, kwa hivyo vaeni mavazi ya heshima na msipige kelele karibu nao wakati wa swala. Na kabla ya kumpiga mtu picha mlangoni kwake, muombe. Yule ni mtu amekaa kwake, si kifaa cha maonyesho.

Jambo la kiteknolojia: ramani ya simu itakuchezea humo. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, kwa hivyo mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu, na ile nukta ya buluu huruka kutoka paa hadi paa. Tulipopotea mara ya pili Mama alisema, "Simameni." Akanusa. "Kahawa iko kulia. Samaki wako mbele. Tukienda kulia tunatokea barabarani." Tukaenda kulia. Tulitokea barabarani, tukanywa kahawa chungu kwa kashata, na watoto wakapewa mabuyu yaliyowapaka midomo rangi nyekundu mpaka usiku. Kuanzia hapo simu ilibaki mfukoni.

Siku ya pili: Haller Park

Kama watoto wako ni wa umri wa chini ya miaka minane, pengine hapa ndipo wataparudia kwenye mazungumzo kuliko ngome. Haller Park iko Bamburi, upande wa kaskazini mwa kisiwa. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji. Mawe yenyewe ni matumbawe ya kale, jamaa ya yale yaliyojengea ngome. Yalipochimbwa yote pakabaki jangwa jeupe lisiloota kitu.

Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na ni tatu tu zilizostahimili, mmojawapo ukiwa mvinje. Lakini majani ya mvinje hayaozi upesi, yalirundikana tu juu ya mwamba bila kuwa udongo. Dawa ilikuwa jongoo. Haller aligundua kwamba majongoo huyala majani hayo, akawaleta kwa wingi, nao wakala, wakanya, na udongo ukaanza kupatikana. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni. Leo ukitembea humo huwezi kuamini kwamba palikuwa shimo. Kijana wangu, ambaye nyumbani huwarushia majongoo mawe, alitembea siku nzima akitazama chini asije akamkanyaga fundi.

Mama alipapenda kwa sababu ya kivuli na sauti. Twiga unaweza kuwalisha kwa mkono katika saa maalumu, ulizia langoni. Ulimi wa twiga ni mrefu na una kunata, na Mama alipoguswa kiganja alipiga kelele ambayo sikuwahi kumsikia akiipiga. Wasimulieni watoto kisa cha Owen na Mzee mkiwa palepale: Desemba 2004, siku za tsunami, mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake aliokolewa baharini karibu na Malindi, akaletwa hapa, akamshika kobe mzee wa Aldabra kama mamake. Walikula pamoja na kulala pamoja, na kisa chao kikaandikwa vitabu vya watoto vilivyosomwa duniani kote.

Jioni: Mama Ngina

Bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Hakuna cha kusoma hapo, na baada ya ngome ni nafuu. Kuna mibuyu mikubwa, kuna upepo, kuna mihogo ya kuchoma kwa ndimu na pilipili, na kuna madafu. Mbele yako meli zinaingia Kilindini, karibu hata unaweza kusoma majina yake. Kama watoto hawajawahi kuvuka feri ya Likoni, wavusheni. Kwa mtembea kwa miguu ni bure, na kwa mtoto wa bara ni safari ya baharini kamili.

Hapo nilipata nafasi ya kuwaeleza watoto kazi yangu. Niliwaambia kwamba chini ya maji yaleyale zinapita nyaya. Hata kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, tayari kulikuwa na waya wa simu za maandishi kupitia chini ya bahari hadi Zanzibar. Baadaye kwa miaka mingi Kenya ilizungumza na dunia kwa setilaiti kupitia Longonot, intaneti ikawa ghali na ya kukatikakatika. Mimi nilijifunza kuandika programu enzi hizo, nikisubiri ukurasa mmoja ufunguke huku nikinywa chai kikombe kizima. Mwaka 2009 nyaya za Seacom na TEAMS zikafika pwani ya Mombasa, ile ya TEAMS ikitokea Fujairah. Nyaya nyembamba zenye nyuzi za kioo, nazo zikabadilisha maisha yetu sote tunaofanya kazi hii.

"Kwa hivyo," binti yangu akasema, "kila kitu kinaingilia hapa. Wareno, Waomani, mizigo ya Babu, na intaneti."

Sikuongeza neno. Mama alikuwa amekaa kati yao, uso kwenye upepo. Meli moja ikapiga honi. Akauliza, "Imebeba nini?" Kijana akaitazama, akamwambia ni makasha. "Mangapi?" Akaanza kuhesabu kwa sauti, kidole juu. Alifika 40 akachanganyikiwa, akaanza tena. Mama hakumharakisha.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wale waliosoma haraka ili wafike hapa: ngome wape nusu siku, asubuhi. Mji wa Kale saa mbili, baada ya jua kupoa. Haller Park siku nzima bila haraka. Mama Ngina jioni. Siku ya tatu sisi tulikwenda ufukweni kama watu wengine wote na sina la kueleza. Mwenye siku ya nne aende Gede, upande wa Watamu, magofu ya mji wa Waswahili ndani ya msitu. UNESCO iliyaingiza katika orodha yake mwaka 2024, na watoto hupenda kuta zinazotokea katikati ya miti. Ukiwa na mzazi asiyeona vizuri usimwache hotelini ukidhani atachoshwa. Mchukue, na mpe mtoto mmoja kazi ya kuwa macho yake.

Na kuhusu picha zako, kanuni unaijua, nimeiandika humu mara nyingi bila kuifuata: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani. Fanya wikendi hii. Ukishapoteza kitu, sema siku hiyohiyo. Deni la picha nilikuwa nimelipata kwa bahati mbaya, lakini la kunyamaza nilijipa mwenyewe, na lilinigharimu zaidi.

Sauti aliyorekodi binti yangu juu ya ukuta ina urefu wa dakika saba. Kuna upepo mwingi, na mahali fulani mgeni anapita akiuliza choo kiko wapi. Iko kwenye kipakatalishi changu, kwenye diski ya nje, na kwenye wingu. Mama aliposikia hayo aliuliza, "Na umeme ukipotea?" Binti akakaa chini na penseli, akaandika yote kwenye karatasi za daftari, pamoja na upepo na yule mgeni. Karatasi ziko ndani ya Biblia ya Mama. Jumapili jioni mmoja wa watoto humsomea, na wakifika kwenye shati hurekebishana wenyewe kabla yeye hajasema: la samawati.

Tukutane wiki ijayo na hifadhidata.